Nusu Saa ya Maji

Mimi ndiye ninayeshika madaftari ya nyumba ya sanaa.
La kwanza ni la wanafunzi, la pili la madeni,
na la pili ndilo nene.

Zamani nyumba hii ilikuwa ghala la tende.
Sakafuni bado mna vile vijito vya asali:
tende zilipangwa gunia juu ya gunia
zikajikamua usiku, kwa uzito wake zenyewe.
Sasa watoto wa Sumeyra wanachora humo,
na rangi ikimwagika
inafuata njia ileile ya asali mpaka mtungini.
Hatujawahi kupiga deki.

Mwezi wa pili mvua ikala pembe ya dari.
Udongo ukamshukia ngamia wa Muhenna,
wiki tatu za kazi,
shingo ndiyo kwanza inapata uhai.

Nikazunguka na daftari.
Hamdun seremala: vigogo viwili vya mtende,
"lakini mvibebe wenyewe."
Mke wa imamu: riali saba, na jina lisiandikwe.
Nimeandika: *Jina Lisiandikwe, riali saba.*
Rayya aliuza mbuzi sokoni Ibra,
akaleta nusu ya bei na kamba yake.
Kampuni moja ya Maskati ikatuma bango
lenye jina lao, refu kuliko mlango wetu.
Fedha, walisema, zinafuata.
Bango tumelitandaza juu ya tundu.
Limezuia mvua vizuri sana.

Kisha, baada ya isha, akaja Bi Ghariba na tochi.
Alinisemesha Kiswahili,
maana mtaani tumebaki wawili wa kukisema,
na mmoja wetu anasikia kwa sikio moja.

"Nina athari yangu," akasema.
Huku nusu saa ya maji ya falaji huitwa hivyo, athari,
na sisi wa lugha mbili
neno hilo hatuwezi kulisikia mara moja tu.
"Zamu yangu ni usiku wa manane, kila siku ya nane.
Inadiwe. Fedha ziende darini."

"Na ndimu zako?"

"Ndimu nimezila miaka arobaini.
Ukali umenitosha."

Nikataka sababu. Mtu wa daftari hutaka sababu.
Akaizima tochi, asipoteze betri kwa hadithi.
Alifika hapa na miaka kumi na saba,
sanduku moja, na Kiarabu cha msahafuni tu.
Penye maji, kila alipofungua kinywa, wenzake walicheka.
Siku moja akaokota mkaa,
akamchora ukutani punda wa shekhe,
masikio yote mawili, na kiburi chake.
Wakacheka tena.
"Ila safari hiyo, mwanangu, nilicheka nao.
Mchoro hauna lafudhi."

Wahenga walisema kutoa ni moyo.
Lakini kurasa zangu zina safu tatu:
fedha, vitu, kazi.
Nikapiga mstari wa nne kwa rula,
juu yake nikaandika: *maji.*

Usiku wa zamu yake nilikwenda kuona.
Kibarua wa mnunuzi alisogeza jiwe,
akaziba kwa tambara na tope,
na maji yakapita mlangoni pa ndimu
bila kugeuza kichwa.
Bi Ghariba alisimama ng'ambo, kanga begani,
akihesabu nyota kama walivyohesabu wa kale
kabla ya saa za mkononi.
Sikumpa pole. Angenirudishia.

Jumamosi vigogo vya Hamdun vilikuwa vimeshapanda juu,
vimepindapinda, kila kimoja na nia yake.
Darasa lilikuwa limejaa makelele na gundi.
Akaingia, akavua viatu,
akajibanza kati ya Muhenna na mtoto wa miaka sita
aliyekuwa akila penseli.

"Nipe mkaa," akaniambia.
"Nina nusu saa."